Usaili wa Ovyo: Namna ya Kuujua Mapema na Kutoka Salama

Niliambiwa nifike saa 3 asubuhi. Nikafika saa 2 na nusu, nikakaa kwenye benchi la korido mpaka saa 6 kasoro. Nilipoitwa ndani, bwana aliyekuwa nyuma ya meza aliichukua CV yangu, akaigeuzageuza, akauliza, "Wewe ndiye wa uhasibu?" Mimi niliomba utunzaji wa ghala. Kabla sijamaliza kujibu, simu yake ikaita. Akaongea na fundi habari za mabati kwa dakika kama 10, mimi nimekaa nimefumbata mikono. Alipokata simu, swali la kwanza: "Umeolewa?" La pili: "Mtoto unamtarajia lini?" Nikajibu yote mawili, tena kwa tabasamu. La tatu halikuwa swali: "Tutakupigia."

Usiku ule, kilichoniuma kuliko yule bwana ni lile tabasamu langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kazi tu, na kila kingine nilichowekewa mbele nikakipokea. Tangu hapo nimesailiwa mara nyingi, na nimekaa pia upande wa pili wa meza nikiwasaili wengine. Haya ninayoandika yametoka pande zote mbili, na yote yanazunguka jambo moja: mipaka yako iweke ukiwa nyumbani, akili imetulia. Ukishaingia kwenye chumba cha usaili, anayeongea ni shida yako ya kazi.

Hatua ya 1: Lipime tangazo kabla hujatuma chochote

Tangazo la kweli husema bila kubembelezwa nani anaajiri, kazi yenyewe ni ipi, iko wapi, na mwisho wa kupokea maombi ni lini. Likikosa jina la mwajiri si lazima liwe la kitapeli, maana mawakala wa ajira mara nyingi huficha jina la mteja wao. Ila wakala mwenyewe awe na jina, ofisi na mtu anayepokea simu. Mshahara mnono kwa kazi isiyotaka ujuzi wowote, na chini yake namba ya simu peke yake? Pita.

Pesa usitoe. Ya fomu, ya mafunzo, ya sare, ya "kufungua faili", zote zinaingia mfuko mmoja. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, si waziwazi wala kwa mlango wa nyuma, si zote wala sehemu yake. Mamlaka za nchi zinaweza kuruhusu misamaha michache, na si kila nchi imeuridhia mkataba huo. Lakini msingi wake unaeleweka hata bila sheria: anayetaka mfanyakazi ndiye anayegharimia kumtafuta.

Vyeti halisi unavionyesha, huviachi. Nimeona watu wakisotea vyeti vyao kwa wiki kadhaa kwa sababu "bosi amefunga kabati kasafiri". Na hakuna anayehitaji taarifa za akaunti yako ya benki kabla hujasaini mkataba. Namba ya siri haihitajiki hata baada ya hapo.

Hatua ya 2: Ukiitwa, thibitisha kwa maandishi

Mara nyingi unaitwa kwa simu, haraka haraka: "Njoo kesho saa 4." Itikia, kisha ukishakata tuma ujumbe kama huu:

"Habari. Asante kwa kunipigia. Nathibitisha kwamba nitafika kesho saa 4 asubuhi kwa usaili wa nafasi ya utunzaji wa ghala. Naomba kujua nitaonana na nani, usaili unaweza kuchukua muda gani, na kama kuna jaribio la vitendo la kujiandaa nalo."

Mwenye utaratibu wake atajibu, hata kwa mstari mmoja. Anayekuja juu kwa sababu umeuliza nani atakusaili, hilo nalo ni jibu. Na sasa una tarehe, saa na nafasi kwa maandishi, kitu kitakachokufaa siku watakaposema hukuwahi kuitwa.

Angalia pia mahali. Ukumbi wa mikutano wa hoteli hauna neno. Waajiri hukodi, na ukifika unakuta foleni na karatasi ya kusaini mlangoni. Chumba cha hoteli, nyumbani kwa mtu, au "tukutane jioni tuongee vizuri" ni habari nyingine kabisa. Jibu, "Naomba tukutane ofisini, saa za kazi," halafu usiongeze neno. Kama nafasi ipo kweli, haitapotea kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Andika mipaka yako kwenye karatasi

Namaanisha karatasi kweli, uikunje uiweke mfukoni. Yangu ilikuwa na mistari mitano: mshahara chini ya kiasi hiki sichukui, nikisubiri saa 1 nauliza, nikisubiri saa 2 naondoka, kazi ya bure isizidi nusu siku, maswali ya ndoa na uzazi sijibu.

Yako itakuwa tofauti. Mwenye akiba ya miezi sita na mwenye kodi inayodaiwa wiki ijayo hawawezi kuweka mistari inayofanana, na wa pili asione haya kuivuta yake chini. Ila aivute mwenyewe, mezani kwake. Asivutiwe na mtu anayemwangalia usoni na kuona jinsi anavyoitaka kazi.

Hatua ya 4: Kusubiri

Kuchelewa hutokea. Nilipokuwa nikisaili watu, niliwahi kumweka mtu dakika 50 kwa sababu aliyemtangulia alikuwa na mengi ya kusema. Tofauti iko kwenye taarifa: je, kuna aliyetoka nje kuomba radhi na kukwambia kinachoendelea? Kama hakuna, mwendee wa mapokezi: "Samahani, nilipangiwa saa 4 na sasa ni saa 5. Usaili bado upo leo, au nipangiwe siku nyingine?" Sauti ya kawaida, bila kununa. Wakati unangoja, angalia waliomo ndani wanavyosemeshana. Wafanyakazi wanaofokewa mbele ya wageni wanakuonyesha Jumatatu yako.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba, mjue uliye naye

Si kila usaili mbovu una ubaya nyuma yake. Wengi wanaosaili hawajawahi kufundishwa kusaili. Walipandishwa cheo wakakabidhiwa faili. Huyo utamjua upesi: hajasoma CV yako, anarukia mada, anaongea kuliko wewe, hana karatasi ya maswali wala haandiki chochote. Watafiti wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 na kuonyesha kwamba usaili wa mpangilio, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa kipimo kilekile, hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko maongezi ya papo kwa papo. Paul Sackett na wenzake waliporudia hesabu mwaka 2022, pengo likawa pana zaidi: 0.42 kwa usaili wa mpangilio, 0.19 kwa ule wa maongezi, kwenye kipimo ambacho 1 ni ubashiri kamili. Kwa hiyo ukikataliwa baada ya porojo za nusu saa, usilibebe kama hukumu ya uwezo wako. Kipimo chenyewe hakikuwa na meno.

Asiyejua unaweza kumsaidia, na ukimsaidia umejisaidia. Mpe mpangilio asiokuwa nao: "Kwenye tangazo mliandika mnataka mtu wa kupokea mzigo, kuhesabu na kuandaa ripoti ya mwezi. Naomba nieleze nilivyofanya kila moja kazini nilikotoka." Nimeona nyuso zikilegea kwa sentensi hiyo. Simu yake ikiita, nyamaza mpaka amalize, kisha rudi ulipokatishwa: "Nilikuwa nasema kuhusu kuhesabu mzigo." Usianze upya, wala usifupishe kwa kumhurumia.

Mwenye nia nyingine ana dalili zake. Anauliza unaishi na nani. Anasifia umbo. Anasema kazi "ipo tu" ila itategemea "ushirikiano wako". Kwa huyu ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 7.

Hatua ya 6: Maswali yasiyo ya kazi

Ndoa, mimba, dini, kabila, ugonjwa, chama unachounga mkono. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja misingi ambayo mtu asibaguliwe kwayo katika ajira: kabila au mbari, rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kitaifa au ya kijamii. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 unakataza mwanamke anayeomba kazi kudaiwa kipimo cha mimba au cheti cha kuwa hana, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria ya nchi inazizuia kwa wajawazito au wanaonyonyesha, au zenye hatari inayotambulika kwa afya ya mama na mtoto. Na Pendekezo Na. 200 la mwaka 2010 linasema mwombaji kazi asitakiwe kupima VVU wala kutaja hali yake. Namna haya yanavyoshika hutegemea sheria za nchi uliko, hivyo soma sheria ya kazi ya kwenu kabla ya kwenda. 

Ila chumbani hutasoma kifungu. Utahitaji maneno. Mimi nina njia tatu, na huchagua kwa kuangalia nani ameuliza.

Ya kwanza ni kujibu wasiwasi ulio nyuma ya swali. Anayeuliza kama una watoto mara nyingi anataka kujua kama utakuwa ukikosa kazini. Basi: "Kama wasiwasi ni mahudhurio, kazini nilikotoka niliingia zamu ya asubuhi miaka miwili, na msimamizi wangu anaweza kulithibitisha." Umejibu, na ya nyumbani yamebaki nyumbani. Hii ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa sababu humwachia muulizaji nafasi ya kurudi kwenye mstari bila kuaibika.

Ya pili ni kuuliza: "Naomba kuelewa, hilo linahusianaje na nafasi hii?" Tamka taratibu. Likisemwa haraka linasikika kama ugomvi.

Ya tatu: "Hilo ningependa libaki langu." Basi.

Swali la mshahara wa zamani liko peke yake. Wengi huulizwa "ulikuwa unalipwa ngapi?" na jibu lao linakuwa kamba ya kuwafungia mahali palepale. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza mwezi Julai 2018 kukataza waajiri kuuliza hivyo kabla ya kutoa ofa, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la uwazi wa mishahara mwaka 2023 lenye katazo kama hilo, nchi wanachama zikipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Hata pasipo na sheria unaweza kusema: "Kazi zile zilikuwa tofauti na hii. Kwa majukumu mliyoeleza, natarajia kati ya kiasi hiki na kiasi hiki. Ninyi mmetenga ngapi?" Kisha unyamaze. Kimya kile kitakuwa kizito. Mwache akibebe yeye.

Na matusi? Wapo wanaojitetea kwamba wanakudharau makusudi ili "kupima uvumilivu". Swali gumu sawa. Kuitwa mjinga si swali. Ukiambiwa hivyo, funga faili, shukuru kwa muda wao, toka.

Hatua ya 7: Rushwa ya ngono

Hapa sina ushauri wa busara za maneno. Toka. Usieleze, usibishane, usisubiri amalize sentensi. Kama mlango umefungwa na funguo, piga simu ukiwa mle mle na useme kwa sauti uko wapi na uko na nani.

Siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini, na umwandikie kwa ujumbe ili kuwe na tarehe. Zile jumbe za yule mtu usizifute hata kama zinakutia kichefuchefu. Zipige picha ya skrini, namba na saa zionekane, utume nakala mahali pengine. Simu hupotea. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, unawataja waziwazi wanaotafuta kazi na walioomba kazi miongoni mwa wanaolindwa. Nchi nyingi zina kosa hili pia katika sheria za jinai au za rushwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini hukuwa mfanyakazi wao", hajui anachosema.

Kama ulishawahi kukubali kwa sababu ulikuwa huna namna, bado unaweza kuripoti. Kosa ni la aliyeitumia shida yako.

Hatua ya 8: Jaribio au kazi ya bure?

Jaribio la haki ni fupi, linatumia mfano wa kubuni, na waombaji wote wanapewa lilelile. Mashaka yaanze ukiletewa jina la mteja halisi, au ukiambiwa "ingia wiki moja tukuone" bila malipo. Rafiki yangu aliandaa mpango mzima wa mauzo kwa ajili ya "usaili wa pili", kurasa 20 hivi. Usaili wa pili haukuwahi kuitishwa. Baadaye alikuta tangazo la biashara ile lina maneno yake, pamoja na kosa moja la tahajia alilolifanya yeye.

Ukiombwa kitu kikubwa, toa mifupa bila nyama: hatua utakazofuata, swali moja ulilolitatua mpaka mwisho, mengine vichwa vya habari tu. Weka jina lako na tarehe kila ukurasa. Wakitaka zaidi: "Kazi hii itanichukua siku 3. Naweza kuifanya kwa malipo ya siku hizo." Wapo wanaokubali, amini usiamini.

Hatua ya 9: Ukitoka

Jioni ileile andika kwenye daftari ulioonana nao, walichouliza, walichoahidi, na tarehe ya majibu. Dakika 10 zinatosha. Kesho yake tuma shukrani ya mistari miwili ukiitaja ile tarehe.

Ikipita wiki kimya, ulizia. Ikipita nyingine, ulizia kwa mara ya mwisho: "Naelewa mna mengi. Nisiposikia kutoka kwenu hadi Ijumaa, nitachukua kwamba nafasi imejazwa, na nawatakia kila la heri." Wanaokupiga kalenda mara nyingi huamka kwa ujumbe huu. Wasipoamka, umejifungulia mlango wewe mwenyewe. Msiba wa kimya ni kule kuangalia simu kila saa, na kuacha kuomba kwingine kwa sababu "wale walionyesha kunipenda".

Huenda pia nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, na tangazo lilitoka kukamilisha utaratibu. Dalili: siku chache mno za kutuma maombi, sifa za ajabu zinazomwelezea mtu mmoja, wasaili wasiouliza chochote kuhusu lini unaweza kuanza. Hakuna la kufanya hapo zaidi ya kutopoteza nauli ya pili.

Kulalamika kunawezekana. Kwenye taasisi kubwa anza na mkuu wa rasilimali watu, kwa barua yenye tarehe na maneno yaliyosemwa, bila vivumishi. Kisha ofisi ya kazi ya serikali. Kama mwajiri yuko Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako anazozishikilia. Kuhusu kumwanika mtu mitandaoni, mimi huwa nasita. Ukiamua, sema yaliyotokea tu na unayoweza kuyathibitisha. "Niliulizwa kama nina mimba" ni tukio. "Wale ni wezi" inaweza kukupeleka mahakamani.

Hatua ya 10: Wakikupa kazi

Ofa ya mdomo usiiachie kazi uliyonayo. Ngoja barua iliyosainiwa, na uilinganishe na daftari lako: cheo, mshahara kabla na baada ya makato, muda wa majaribio, saa za kazi, likizo. Ukikuta mshahara umepungua au cheo kimegeuka, usidhani umesahau. Andika: "Tarehe fulani tulikubaliana hivi, barua inasema vile. Naomba irekebishwe kabla sijasaini."

Na kama usaili ulikuwa wa ovyo lakini kazi unaihitaji, ichukue. Sitamwambia mtu mwenye njaa asubiri mwajiri muungwana. Ila ingia macho wazi: dai nakala ya mkataba siku ya kwanza, tunza hati za malipo nyumbani, kubaliana na nafsi yako utakaa miezi mingapi, na endelea kutuma maombi kwingine.

Yule bwana wa mabati hakunipigia. Miezi kama minane baadaye nafasi ileile ilitangazwa tena, na miezi michache mbele ikatangazwa mara ya tatu. Mara hiyo ya tatu mdogo wangu alinitumia tangazo akiwa na furaha, akadhani amenipatia kazi. Nilipiga picha ukurasa wa daftari wa siku ile nikamrudishia. Akajibu, "Dada, saa tatu nzima kwenye benchi?" Kisha akaniuliza lile daftari linauzwa wapi.